Namna Exaucée wa Majengo Alivyoivua Sombe Ukijani Wake

Sogeeni, enyi watu wa Majengo, nanyi mliopanda kutoka Katindo! Tueni vidumu vyenu vya maji, mpate kusikia habari za Exaucée binti Kaswera, mshika-chupa asiyetetemeka.

Mwalimu wa chimie, yaani kemia, alikuwa ameamuru jani livuliwe rangi kwa alkoli ya moto. Basi shujaa akatumbukiza jani la sombe, yaani la muhogo, katika glasi ya alkoli, akageuka kuukabili moto. Uani mbabula ilinguruma, jiko lililo simba wa makaa, ikitema cheche. Mezani ulisimama mshumaa, mdogo wa umbo, mkubwa wa fitina, uliokwisha kula pazia la nyumba hiyo. Na mvuke wa alkoli huukimbilia moto kama mbuzi aonaye chumvi. Na nyumba ilikuwa ya mbao, imeegemeana na ya jirani, na ya jirani na nyingine, hadi mwisho wa mtaa.

“Weka pa mbabula!” akanguruma mjomba Josias, amiri wa ushauri, pasipo kuondoka kitini. “Mutu wa Goma anaogopa moto? Sisi tulikimbia volkano, tukarudi, tukajenga juu yake!”

Mama Kaswera akatokea, mwiko mkononi kama mkuki. “Josias, volkano haikuniomba ruhusa. Huyu mutoto ataniomba! Exaucée, moto ukigusa tena nyumba yangu, hizi chupa zote natupa. Nimesema mbele ya Mungu na majirani.”

Shujaa akazitazama chupa zake. Chupa zile alizikusanya moja moja, akaziosha kwa majivu. Akatupa macho huku na huku, na tazama! Kando ya mkate ilisimama termosi, ngome ya joto lisilo na ulimi wa moto. Akainyakua, akatoka nayo mbele ya nyumba, mbali na kila kaa la moto, akamimina maji katika beseni, akasimamisha glasi humo.

“Maji ya chai yangu!” akalia Josias.

“Vumilia, mujomba. Elimu inaomba sadaka, na leo imekuchagua wewe.”

Alkoli ikatokota polepole. Ukijani ukaanza kuvuja, ukashuka, ukaijaza glasi, na jani likabaki jeupe kama karatasi. Kaswera akaliinua kwa kijiko, akaligeuza juani.

“Na sombe kama hii, nani atakula?”

“Hakuna, mama. Ni ya mwalimu.”

Mama akakaza uso, lakini ukamshinda. “Majirani!” akapaaza sauti. “Mukuje muone kitu mutoto wangu alifanya!”

Nao wakaja, mtaa mzima, wakastaajabu. Hivyo ndivyo Majengo ilivyookolewa, ubao kwa ubao. Nayo machweo yakaikuta kama alfajiri ilivyoiacha: nzima.