Nyumba Yangu Inazalisha Umeme

Jumatatu Pon, 4 Septemba

Swichi kuu imejikata mara tatu kabla ya chai. Mara ya tatu nilikuwa na pasi mkononi, na nusu ya kola imebaki na makunyanzi. Kwa miaka thelathini na minne nilisimama mbele ya wanafunzi nikiwa na kola iliyonyooka. Kustaafu si sababu ya kulegea.

Binti yangu Wening amepiga simu kutoka mji wa Bekasi. Dada yangu Rukmi, ambaye ninaishi naye, alikuwa ameshamsimulia yote, hata ile soketi iliyoungua mwezi uliopita. Hilo halikumhusu mtu. Wening amesema atafika Jumapili. Akikuta umeme haujarekebishwa na fundi mwenye leseni, au hakuna mita ya kuonyesha kila kifaa kinakula kiasi gani, atatuhamishia kwake sisi wazee wawili. "Baba, safari hii sitanii."

Kwake ni ghorofa ya tisa. Hakuna uwanja. Watu wanapanda lifti pamoja bila kusalimiana!

Sihami. Katika nyumba hii nilizaliwa, na humo humo nitabishana hadi mwisho.

Fundi mwenye leseni mtaani kwetu hapa mjini Solo ni mmoja tu, naye ni jirani yangu Tugiran. Nilimfundisha darasa la tano. Hakuweza kupiga mstari ulionyooka hata kwa rula. Sasa eti aje kuninyooshea nyaya! Tena kila mashine yake ya kuchomelea inapolia upande wa pili wa ukuta, swichi yangu huanguka. Ni dhahiri kwamba ananyonya umeme wangu. Mita nitaifunga mimi mwenyewe, nayo itamtaja.

Jumanne Wage, 5 Septemba

Mita imenunuliwa. Ndogo, ina kioo cha tarakimu, nyaya mbili nyembamba, na kibanio cha kukumbatia waya. Muuza duka aliniuliza fundi wangu ni nani. Nilimjibu kwamba anazungumza naye. Alinitazama mvi, akaongeza bisibisi ya kupimia umeme na kuniombea salama.

Nikapiga hesabu ya siku, ile ya wazee wetu: kila siku ya wiki ina namba yake, na kila moja ya siku tano za soko, Pon, Wage, Kliwon, Legi na Pahing, ina yake. Nilizaliwa Alhamisi Wage, yaani kumi na mbili. Kesho ni Jumatano Kliwon, kumi na tano. Jumla ishirini na saba. Ukitoa tano tano hubaki mbili: heshima. Safi!

Alasiri Rukmi akamwita Tugiran bila idhini yangu. Alikuja na shati nje ya suruali. Akasema kazi hii si ya kuchezea, na kwamba nafasi yake ni Alhamisi asubuhi. Alhamisi Legi! Kumi na tatu na kumi na mbili ni ishirini na tano. Ukitoa tano tano hakibaki kitu. Hiyo ni mauti. Nilimwambia kwamba mtu anayechagua siku ya mauti kuja kushika nyaya za jirani yake ana nia yake. Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema umeme haujui Legi wala Wage, unajua waya ulio wazi tu. Rukmi alicheka naye. Nimeyaandika majina ya wote wawili.

Jumatano Kliwon, 6 Septemba

Heshima imechelewa kidogo.

Saa tatu nilizima swichi kuu, iliyo kwenye ukuta wa uani. Mimi si mjinga. Nikagusisha bisibisi ya kupimia kwenye waya wa juu ya swichi. Taa yake haikuwaka. Nikaridhika, nikashika waya.

Nilijikuta nimeketi juu ya kaukau za mchele, zile za kukaanga, ambazo Rukmi alikuwa amezianika uani. Mkono ulikuwa ukicheza peke yake. Rukmi alipiga ukelele, si kwa ajili yangu. Zilikuwa kaukau za siku mbili.

Tugiran alichungulia juu ya ukuta. Akauliza kama niliijaribu kwanza ile bisibisi kwenye soketi yenye umeme, kuona kama ni nzima. Nikamwambia kuwa haikuwa na sababu ya kunidanganya. Akasema waya wa juu unatoka moja kwa moja kwenye mita ya kampuni, hivyo una umeme hata swichi ikizimwa. "Kandambili ndizo zilizokuokoa, Mwalimu. Zishukuru."

Nikarudi kazini. Safari hii nyaya nyembamba nilizifunga chini ya swichi. Nililegeza skrubu, nikachomeka, nikakaza kwa kadiri mkono uliokuwa ukitetemeka ulivyoruhusu. Kibanio nikakikumbatisha kebo nzima ya kijivu. Nikawasha. Nikachomeka pasi. Nikachomeka sufuria ya umeme ya wali.

Sifuri! Nyumba yangu haitumii umeme hata chembe! Nimempigia Wening simu kumjulisha. Aliomba kuzungumza na shangazi yake.

Jioni Rukmi, akinisugua mkono mafuta ya nazi, alisema kwamba hesabu yangu ni mbovu toka mwanzo. Mimi nilizaliwa jua likiwa limeshazama, na kwetu jua likizama siku mpya imeanza. Kwa hiyo mimi si wa Alhamisi Wage. Ni wa Ijumaa Kliwon, kumi na nne. Yeye alikuwa na umri wa miaka minane, ndiye aliyetumwa kumwita mkunga, na alipita gizani akilia. Kumi na nne na kumi na tano ni ishirini na tisa. Hubaki nne: ugonjwa. Na Alhamisi Legi ya Tugiran? Hubaki mbili. Heshima.

Miaka sabini wamenyamaza! Nilimwuliza kwa nini hakusema jana. Akasema jana nilikuwa nikiandika majina ya watu.

Alhamisi Legi, 7 Septemba

Kwa kuwa leo ni siku ya heshima, heshima hiyo ni yangu. Hakuna sababu ya kumkabidhi Tugiran.

Alifika saa mbili na sanduku lake la vifaa. Nilimpokea langoni na kumuaga hapo hapo. Hakukasirika. Alirudi kwake, na baada ya kitambo sauti yake ikaja juu ya ukuta, kana kwamba anaongea na kuku wake. Akawaeleza kuku kwamba kibanio kikikumbatia nyaya zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, kitasoma sifuri hadi kiama. Kinatakiwa kukumbatia waya wa moto, ule wa kwenda, peke yake. Akawasihi kuku wazime kwanza na wasiguse waya wa juu.

Sisikilizi maneno ya kuku. Hata hivyo saa nne, kwa uamuzi wangu mwenyewe, nilizima swichi na kukihamishia kibanio kwenye waya mmoja.

Nikawasha. Nikavaa miwani. Nikavua, nikaifuta, nikavaa tena.

Kutoa wati tisini! Alama ya kutoa mbele ya namba! Maana yake ni moja tu. Umeme hauingii katika nyumba yangu, unatoka. Na unatoka kwenda wapi? Upande wa pili wa ukuta mashine ya kuchomelea ilikuwa ikilia.

Nimempata.

Ijumaa Pahing, 8 Septemba

Baada ya sala wanaume wa mtaa walikaa kwenye kibanda cha ulinzi wakinywa chai. Nilisimama. Nikaeleza kwa utaratibu: kifaa, namba, alama ya kutoa, na jina la mwizi. Kisha Tugiran akaweka kikombe chini, akasema kwa upole twende sote tukaone.

Wakaja kumi na mmoja. Uani hapakuwa na pa kukanyaga. Mita ilionyesha kutoa tisini. Nilinyoosha kidole tu, sikuongeza neno.

Tugiran akamwomba Rukmi achomeke pasi. Kutoa mia nne arobaini. Achomoe. Kutoa tisini. Achomeke tena. Kutoa mia nne arobaini.

"Basi Mwalimu," akasema, "kama nyumba hii inazalisha umeme, mtambo wenyewe ni pasi. Tukuletee nguo za mtaa mzima, upige pasi, uiangazie Solo."

Sitaandika jinsi walivyocheka. Mzee mmoja alilazimika kushikiliwa.

Tugiran akazima swichi, akakigeuza kibanio, akawasha. Alama ya kutoa ikatoweka. Kumbe kibanio kina mshale, na mshale hutakiwa kuelekea kule umeme unakokwenda. Mimi niliuona. Niliudhani kuwa ni pambo.

Kisha wakaendelea kunichunguza kama mtahiniwa. Jokofu na feni: tisini. Pampu ya maji: ikafika mia tatu na ushee. Sufuria ya wali juu yake: ikafika mia saba na kidogo. Kila mtu anajua kwamba umeme wa nyumba yangu ni wa wati mia tisa tu, na zaidi ya hapo swichi hujikata. Rukmi akachomeka pasi.

Tak! Giza jikoni. Wakashangilia kana kwamba ni goli. Mashine ya kuchomelea muda wote huo ilikuwa imezimwa.

Sikubali. Pasi hii ni zawadi ya walimu wenzangu nilipostaafu. Pampu na sufuria ndizo zinazoivamia. Tugiran akataka aangalie zile skrubu nilizozilegeza, akisema hapendi zilivyokaa. Nikamwambia kwamba kesi imefungwa na uwanja ufungwe. Akatoka wa mwisho, akitazama nyuma. Wengine walikuwa wakiniuliza wanilipe kwa kikapu au kwa nguo moja moja.

Jumamosi Pon, 9 Septemba

Asubuhi harufu ya manyoya yaliyoungua. Rukmi akasema inatoka ukutani kwetu. Nikamwambia Tugiran anachoma takataka. Nikaendelea na kola.

Kisha moshi.

Ulitoka kwenye swichi kuu, mweusi, mwembamba, na ndani kulikuwa na mlio kama mafuta kwenye kikaango. Nilichukua ndoo ya maji. Sikusita hata kidogo, jambo ambalo nadhani ni sifa. Rukmi ana miaka sabini na minane. Alinipiga kwa mwiko kwenye kifundo cha mkono, ndoo ikaanguka, maji yakamwagika mbali. Akaniita jina ambalo mama yetu alilitumia kwa mbuzi.

Tugiran aliruka ukuta. Akaiangusha swichi kwa kijiti kikavu cha ufagio, akatutoa nje, akaipigia kampuni ya umeme waje kukata kwenye nguzo. Tulisubiri uwanjani. Rukmi alikuwa ameshika sahani ya kaukau, na sahani ilikuwa ikigongana na pete yake. Hata siku tulipomzika mumewe sikumwona hivyo. Akasema hataki kuhamia ghorofani, kwamba kule hatapata jua la kuanikia. Akasema pia kwamba nikiunguza nyumba hii, hata ghorofani hatakwenda nami.

Nilimshikia sahani. Neno lake naliandika kwa sababu ni kweli.

Baada ya kampuni kukata, Tugiran alifanya kazi hadi alasiri. Waya ulikuwa umeungua pale ambapo skrubu ilikuwa imelegea. Alibadilisha swichi, akakata nyaya zilizoharibika, akaweka fyuzi ndogo kwa nyaya za mita, akafunga yote ndani ya kisanduku chenye mlango. Kila skrubu aliikaza, akauvuta waya kuona kama unatoka, akaikaza tena. Kampuni iliporudisha umeme, aliijaribu bisibisi yake kwenye soketi ya kwake, akaja kupima hapa, akarudi kuijaribu kwake tena. Mara tatu! Mtu anayejiamini hupima mara moja.

Nilimwuliza kwa nini anajisumbua hivi, baada ya yale ya jana. Akasema bila kuinua macho, "Ukihamia Bekasi, Mwalimu, nani atanikosoa?"

Shati lake lilikuwa nje ya suruali. Nilimwambia. Akalichomeka.

Jumapili Wage, 10 Septemba

Wening amefika saa tatu, na sanduku kubwa la nguo, tupu. Sote tuliliona lilivyo tupu. Alilisimamisha sebuleni, akaenda moja kwa moja ukutani.

Akasoma cheti cha kazi alichokiacha Tugiran, mstari kwa mstari. Akafungua kisanduku, akawasha pampu, jokofu, sufuria, kimoja kimoja, akiandika namba. Rukmi alijifanya anachagua mchele. Mimi nilijifanya nasoma gazeti. Lilikuwa la Alhamisi.

Mwishowe akakaa chini na kunishika mkono, ule ule uliotetemeka. Akasema shangazi amemweleza kila kitu na kwamba njiani alilia kwenye treni. Akasema tutabaki. Lakini kuna masharti. Sitapiga pasi wakati wali uko jikoni. Ufunguo wa kisanduku utakaa kwa Tugiran. Nikigusa waya wowote, shangazi atampigia yeye Wening simu, naye atakuja siku hiyo hiyo kulijaza hilo sanduku. Akaliacha hapa makusudi. Liko mlangoni.

Nilifikiri kidogo, kisha nikakubali, kwa ukarimu. Wameniwekea mlinzi wa umeme wangu bila ujira. Nani ameshinda?

Jumatatu Kliwon, 11 Septemba

Wening ameondoka na treni ya asubuhi. Nyumba ni yangu tena.

Nimefanya uchunguzi wa kisayansi. Nimechomoa kila kitu: jokofu, feni, pampu, sufuria, pasi, redio. Nikatazama mita kupitia kidirisha cha kisanduku. Sikugusa. Inaonyesha kumi na nane. Vyote vimechomolewa, na bado kumi na nane!

Tugiran amesema ni kengele ya mlangoni na taa ya chooni niliyoisahau. Jibu jepesi mno. Nimezima taa ya chooni, zikabaki sita. Tena anataka niamini kwamba kengele, ambayo hakuna aliyeibonyeza, inakula umeme kimya kimya! Hapana. Kuna mtu ananinyonya sita, na waya wake unapita juu ya dari, mahali ambapo sharti la Wening halikupataja kabisa.

Nimetoa ngazi. Vigae vitatu tu nitavitoa, kisha nitaufuata waya kwa mkono hadi nimfikie mwenyewe. Nimemwamuru Rukmi aje anishikie ngazi.

Amesema yeye atashika simu.