Tandiko la Bembea

Jumatatu, 4 Machi

Baba mkwe ametangaza vita bila kujua. Jumamosi anatimiza miaka sabini. Anataka kupanda farasi wake mpaka posta, alikofanya kazi ya kupeleka barua miaka thelathini, awasalimie wenzake, arudi. Tatizo ni farasi. Bembea amezeeka. Mgongo umebonyea katikati, tumbo ni pipa. Tandiko lolote ukimwekea linashika mbele na nyuma, katikati hewa tupu.

Mzee amesema mkwe atakayemshonea tandiko la kumkaa sawasawa atapewa chumba cha mbele kiwe karakana yake. Chumba cha mbele! Kina dirisha la barabarani! Mimi nashona makochi kwenye ujia wa nyuma. Kochi likiwa kubwa, mke wangu hana njia ya kutoka jikoni mpaka nilimalize.

Mpinzani ni mmoja tu: mwanyumba wangu, fundi viatu, aliyeoa dada wa mke wangu. Mtu wa kucheka polepole. Lakini yeye anajua miguu. Mimi miaka yote kazi yangu ni vitu vilivyobonyea. Chumba ni changu.

Jumanne, 5 Machi

Nimempima Bembea kwa waya mnene. Unaulaza mgongoni, unaukandamiza, unashika umbo. Alitulia. Alinikanyaga mara moja tu, na sidhani ilikuwa bahati mbaya.

Kisha nikapata wazo. Mwanyumba ataiba vipimo vyangu, maana mimi ningeiba vyake. Nikakunja waya wa pili, wa uongo, wenye nundu palipo na bonde. Wa uongo nikautundika mlangoni. Wa kweli nikauficha nyuma ya kabati. Mke wangu akauliza nacheka nini peke yangu. Nikamweleza. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, akaenda kuanika nguo.

Saa kumi jioni. Nimefikiri zaidi. Mwanyumba ni mjanja, atashuku kilicho wazi na kutafuta kilichofichwa. Nimebadilisha! Wa kweli sasa uko mlangoni, wa uongo nyuma ya kabati. Akili nyingine ni kipaji.

Jumatano, 6 Machi

Mwanyumba amekuja kuomba gundi. Alipoondoka, waya wa mlangoni ulikuwa umetoweka. Amenasa! Nikatoa wa nyuma ya kabati, nikashona mchana kutwa huku nikiimba. Nimetumia ngozi ya kahawia niliyoiweka kwa ajili ya kochi la daktari wa meno. Atasubiri. Meno yetu yeye huyasubirisha wiki nzima.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu. Nimemwekea Bembea tandiko mbele ya Mzee. Likasimama mgongoni kama daraja. Paka wa jirani akapita chini yake, wala hakuinama.

Nikakumbuka jioni ya Jumanne. Nikakaa chini.

Nimekwenda kwa mwanyumba kumwambia ni mwizi. Kabla sijafungua kinywa akanishukuru! Alichukua waya ule atundikie viatu, akaona una umbo la Bembea, akajua nimemwachia kwa wema. Alinishukuru mbele ya wake zetu wote wawili. Mke wangu akasema hakujua ameolewa na mtu mwenye roho nzuri hivyo. Ilibidi nikubali.

Ila sijashindwa. Pengo hujazwa. Nimetia mito minne na springi sita za kochi.

Ijumaa, 8 Machi

Majaribio. Nimelifunga tandiko kwa mkanda wa tumboni, nikakaza kwa goti, likakaa imara. Nikapanda mwenyewe. Hapo Bembea akatoa pumzi. Kumbe alikuwa ameijaza tumboni tangu anione na mkanda! Tumbo likapungua, mkanda ukalegea, tandiko likazunguka nami. Nikajikuta chini ya tumbo, kichwa karibu na kwato, springi zikilia. Mzee aliinama akaniuliza kama huko ndiko ninakokusudia akae.

Tandiko la mwanyumba limemkaa Bembea barabara. Nimechungulia kupitia ufa wa banda. Limelala mgongoni kote, halina pengo hata la kidole. Roho imeniuma. Lakini fundi viatu ni fundi viatu: amelifunga kwa kamba, matundu kumi na mawili kila upande.

Na farasi hupenda chumvi. Baada ya chakula cha mchana nimepitia bandani na bakuli la maji ya chumvi. Sisemi zaidi.

Jumamosi, 9 Machi

Mzee ametoka amevaa koti lake la posta, vifungo vyote viking'aa. Mwanyumba akaanza kufunga kamba. Alipofika tundu la tisa, Bembea akageuza shingo akala kamba za mwanzo. Akafunga upya. Bembea akala upya. Hatimaye tandiko likateleza likaanguka kwenye matope. Mzee akaokota kipande cha kamba, akakilamba, akanitazama. Mimi nikatazama mawingu.

Hakunigombeza. Nilitamani angenigombeza. Alitandika blanketi kuukuu, akapanda ngazi, akajishusha taratibu mgongoni. Akaenea! Bonde lile amelichimba kwa makalio yake mwenyewe, miaka ishirini. Wakaondoka wawili hao polepole, Mzee akimpungia mkono kila mtu barabarani. Nilifurahi kwa ajili yake, kwa dakika nzima.

Aliporudi akatoa uamuzi. Chumba cha mbele ni cha Bembea. Banda linavuja, na katika ukoo wote huu ni yeye peke yake asiyekuwa na njama.

Jumapili, 10 Machi

Bembea amehamia. Ametoa kichwa dirishani tangu asubuhi na wapita njia wanamwamkia. Mwanyumba anacheka, polepole kama kawaida yake. Anadhani yamekwisha.

Hajafikiri. Mzee kama yule wa miguu minne hawezi kulala sakafuni. Anahitaji kochi. Kochi la farasi litahitaji kurekebishwa kila siku, na fundi anayeingia kila siku si mgeni tena. Baada ya mwezi mmoja nani atakumbuka chumba ni cha nani? Bembea hawezi kusema.

Nimeshaanza kukata mbao. Kumpima sikuona haja. Umbo lake sasa nalijua kwa macho.