Lori la Baba Mkwe na Ubao Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe ameamua. Lori la marehemu baba mkwe likiwaka kabla ya Jumamosi jioni, ni letu mimi na mke wangu. Lisipowaka, watu wa vyuma chakavu wanakuja kulikatakata. Limelala uani tangu kabla hatujaoana. Kuku wanatagia kiti cha dereva.

Nikipata lori, nimepata kazi. Nikipata kazi, tunahama chumba hiki ambacho ukipiga chafya tu, mama mkwe anakupa pole kupitia ukutani. Shemeji, kaka wa mke wangu, anaomba usiku na mchana likatwe. Anataka kujenga saluni pale pale. Leo kaja na futi kamba, kapima mpaka kati ya magurudumu. Nikamwambia asijisumbue, mimi na injini tumekua pamoja. Uongo mtupu! Nimewahi kuwa na pikipiki, tena ya kuazima. Sijui kwa nini mdomo wangu huwa unanitangulia.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia simu fundi aliyekuwa akilitengeneza lori enzi za marehemu. Siku hizi amehamia mbali. Tunamwita Fundi Taratibu, maana neno hilo halimkauki mdomoni. Kasema: taratibu, usikimbilie kupiga stata. Mwaga dizeli yote ya zamani, badilisha filta. Weka oili mpya, isizidi alama ya kijiti cha kupimia. Izungushe injini kwa mkono kwanza, uone kama haijashikana. Toa hewa kwenye mipira ya dizeli. Gia iwe huru, tairi uzizuie kwa mawe. Na uwe na ubao karibu, upana wa sinia.

Ubao? Wa nini? Nilitaka kuuliza. Lakini shemeji alikuwa kasimama pembeni na futi yake, masikio kayatega. Mtaalamu anauliza? Nikasema najua, najua, nikakata simu.

Mke wangu naye kauliza ubao ni wa nini. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akanikata jicho, akasema atampigia fundi mwenyewe. Nikamwambia ampe na salamu zangu.

Jumatano, 5 Machi

Dizeli ya zamani imetoka nyeusi tititi. Sasa uani kote kunanuka, pamoja na shuka za mama mkwe. Kasema hakasiriki. Alivyolisema hilo, nikaogopa zaidi.

Kisha nikachukua spana kubwa nizungushe injini. Haikutikisika! Nikasukuma kwa mikono. Nikasukuma kwa mguu. Spana ikateleza, nikakaa ndani ya beseni la nguo. Nikatangaza kwa huzuni kwamba injini imeshikana. Shemeji akaanza kupiga mluzi. Mke wangu akafukuza kuku, akapanda, akasogeza mkono wa gia mara moja tu, akashuka. Injini ikazunguka laini kabisa. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu kuligundua hilo.

Alhamisi, 6 Machi

Oili. Nimekitazama kijiti na alama yake mpaka macho yakauma. Hiyo alama si ni ya gari linalokunywa kila siku? Hili limekaa na kiu miaka yote! Nimemimina dumu zima, mpaka tone la mwisho. Shemeji alikuwa ananitazama huku anatabasamu. Anafurahia nini huyu?

Ijumaa, 7 Machi

Hewa imetoka kwenye mipira. Nusu ya dizeli imetoka pia, kupitia shati langu. Betri nimeazima.

Kimebaki kitendawili cha ubao. Seremala kanichongea mzuri, nimeupaka na vanishi. Akauliza wa kazi gani, nikaangalia saa. Nimeujaribu nyuma ya kiti, hauingii. Juu ya betri, unaanguka. Ndipo nikakumbuka: fundi alitaja tairi, akataja mawe, halafu ubao. Kumbe vinakwenda pamoja! Nimeuchomeka kati ya tairi la mbele na jiwe. Umekaa kama umezaliwa pale. Mke wangu akasema si pale. Nikamwambia, mama, niachie kazi yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Bado nanuka moshi, lakini lazima niandike.

Mama mkwe alitoka na kiti chake, kavaa vizuri na kitambaa kipya kichwani. Akasema suala la nani atalichukua lori halimhusu sana. Anataka tu ausikie tena mngurumo ule hata mara moja, maana ndio uliokuwa ukimwambia kwamba mumewe kafika kona ya nyumbani. Nikapiga stata. Likakohoa. Likakohoa tena. Moshi! Likawaka!

Mama mkwe akalia. Mimi nikalia. Shemeji akaiachia futi ikajikunja yenyewe.

Halafu mngurumo ukaanza kupanda. Sijagusa kitu! Ukapanda tena. Nikazima ufunguo. Wapi! Nikauchomoa kabisa. Ufunguo uko mkononi mwangu, injini inapiga kelele kama inachinjwa! Nani anaiendesha? Nikaiamuru isimame, kwa sauti kali, kisha kwa kuibembeleza. Miguu niponye! Nikajitupa nyuma ya tangi la maji. Shemeji alikuwa keshafika. Tukakumbatiana, nikafumba macho, nikaziba masikio.

Kimya.

Nilipochungulia, mke wangu alikuwa kasimama mbele ya boneti, uso mweusi kwa moshi, anahema, na ubao wangu mkononi. Kumbe kaenda kuutoa kwenye tairi! Akasema ubao ndio uliotuokoa. Akaanza kunieleza mambo mengi: oili imezidi, injini imejinywea oili yake yenyewe, ndiyo maana haikujali ufunguo, na fundi alimwambia dawa ni kuziba mdomo ambao injini inavutia hewa. Nikamkatiza. Najua, najua.

Na kweli, kila kitu kimenikaa sawa kichwani. Ubao umechomekwa, injini inawaka. Ubao umechomolewa, injini inazima. Kwa nini fundi hakusema tangu mwanzo?

Mama mkwe akafuta machozi, akachukua ufunguo mkononi mwangu, akampa bintiye. Lori ni lake, Fundi Taratibu akishakuja kulikagua. Mimi nitakuwa utingo, na nisiguse chochote kilicho chini ya boneti. Mke wangu akanishika bega, akasema basi, tunahama. Nimefurahi, ila sielewi, kwa kuwa aliyeliwasha ni mimi.

Jumapili, 9 Machi

Habari zimesambaa! Mwenye duka la nafaka ana jenereta la dizeli lililolala stoo miaka mingi. Shemeji mwenyewe kamwambia mtaalamu ni mimi. Kumbe ana moyo mzuri. Nimempigia Fundi Taratibu, akaanza tena habari za alama ya kijiti. Najua, najua.

Oili nimechukua madumu mawili. Ubao mpya uko tayari, mnene zaidi, nitauchomeka chini ya jenereta. Safari hii nimeufunga kamba ndefu, ili wakati wa kuzima niuvute nikiwa nje barabarani. Usalama kwanza.