Mlezi wa Ukungu

Jumatano, 4 Machi

Balaa limetangazwa wakati wa chai. Kaka wa mke wangu atakuja mwezi ujao kukaa nasi miezi mitatu, nyumba yake ikiezekwa upya. Atalala katika chumba changu cha kusomea. Mimi na kitabu changu juu ya makosa ya kufikiri, kazi yangu pekee tangu nistaafu kufundisha mantiki, tutahamia kona ya sebule, kando ya televisheni. Shemeji huyu nimempa jina la Tarumbeta, na si kwa chuki. Akinong'ona, vikombe hutetemeka.

Tumaini ni moja. Tarumbeta ana kifua kibovu, na daktari amemkataza nyumba yenye ukungu. Bafuni kwetu, juu ya vigae, pana doa jeusi la ukungu ukubwa wa sahani. Mke wangu amesema doa likitoka, kaka yake aje. Likibaki, atafute kwingine. Nimejitolea kulishughulikia mwenyewe. Ameuliza jua leo limechomoza upande gani.

Sikueleza nitalishughulikia vipi.

Alhamisi, 5 Machi

Nimesoma makala nzima ya kupambana na ukungu. Mwandishi ana mpangilio mzuri. Fungua dirisha baada ya kuoga. Washa feni ya kutolea hewa. Futa maji kwenye vigae. Usiache taulo lililolowa sakafuni. Mwongozo usio na dosari. Kila anapoagiza, nitaacha; kila anapokataza, nitafanya.

Nimeoga maji ya moto hadi kioo kikatoweka. Dirisha nimelifunga. Taulo limelala chini, limejikunja kama paka. Mke wangu amegonga mlango akauliza kama naoga au napikwa. Nimemjibu kwamba tiba ina hatua zake.

Jumamosi, 7 Machi

Pigo. Nilikwenda kwa kinyozi. Niliporudi, mke wangu alikuwa ameshalipulizia doa siki, ameiacha ikae, amesugua kwa brashi, amekausha kwa kitambaa kikavu na kufungua dirisha lote. Kilichobaki ni kivuli cha doa. Ameniambia nimeanza vizuri, yeye amenisaidia kumalizia tu. Nimempongeza kwa uso wa mtu anayemeza shubiri.

Nilidhani naweza kuharibu kazi yake kwa kumwagia dawa ya klorini juu ya siki, ili harufu imkimbize mgeni. Makala inaonya kwamba vitu hivyo viwili vikikutana hutoa hewa ya sumu. Hapo tu nimemtii mwandishi. Mimi ni mjanja, si muuaji.

Alasiri, akiwa sokoni, nilipanda kwenye kiti nikalegeza waya wa feni. Vifaa vya umeme huharibika. Kila mtu analijua hilo.

Jumatatu, 9 Machi

Amemwita fundi umeme. Sikulitarajia, kwa kawaida kitu kikiharibika humu ndani hungoja mwaka. Fundi alipanda ngazi, akashuka kabla sijapata hata neno la kumpotosha, akasema feni ni nzima, ila panya wa nyumba hii wanajua kutumia bisibisi. Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama dari, nikitafuta panya.

Feni inavuma. Dirisha li wazi. Ukungu wangu unakufa kwa ukavu.

Lakini akili ni mali. Nyuma ya kabati la taulo kuna mwanya ambao hewa haifiki, wala jicho la mke wangu. Nimeujaza matambara yaliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, yakiegemea ukuta. Nitayanywesha asubuhi na jioni, kama miche.

Alhamisi, 19 Machi

Harufu! Nzito, ya gunia lililosahauliwa mvuani. Nimechungulia kwa tochi. Ukuta umekuwa mweusi wenye manyoya. Sijawahi kulea kitu kikastawi namna hii. Hata mnanaa wa dirishani ulinifia.

Mke wangu amenusanusa bafu zima. Amesema haelewi: doa limekwisha, harufu inatoka wapi? Nimemweleza kwa masikitiko kwamba ukungu ni adui mwenye subira, na kwamba itakuwa dhambi kumweka humu mtu mwenye kifua kama cha kaka yake. Heri aambiwe mapema. Amesema tutaona. Kisha akaongeza kwamba tangu anioe, na akasisitiza kwamba ni yeye aliyenioa, hajawahi kuniona nikiwaonea huruma ndugu zake kiasi hiki.

Nimelala usingizi wa mshindi.

Ijumaa, 27 Machi

Nimeangamia.

Asubuhi nilifungua kabati la chini katika chumba changu cha kusomea nitoe mswada wa kitabu. Nakala ni moja tu, ya mwandiko wa mkono. Mashine sijaziamini kamwe. Sanduku lake lilikuwa chepechepe. Jalada limeota manyoya. Nikalisogeza kabati: ukuta wote mweusi. Nilisimama pale nikifikiri kwa utaratibu, kama nilivyofundisha wengine, hadi nikafikia ukweli kwamba ukuta una pande mbili. Upande wa pili wa huu ni bafu, nyuma ya kabati la taulo.

Nilipiga ukelele ambao Tarumbeta mwenyewe angeuheshimu.

Mke wangu alikuja mbio. Alitazama ukuta, akatazama sura yangu, akaenda moja kwa moja bafuni na kuvuta kabati. Matambara yakamwangukia miguuni: fulana zangu mbili na suruali ya kulalia. Aliziinua kwa ncha za vidole. Akauliza kama panya wale wa bisibisi siku hizi wanavaa fulana.

Nilikiri yote. Hoja nyingine haikupatikana.

Nilingoja radi. Badala yake aliketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Alipopata pumzi alinifahamisha kwamba kaka yake alikwisha kuamua kwenda kwa binti yake tangu ile Alhamisi ya kwanza. Hakuniambia, kwa sababu hajawahi kuniona nikijishughulisha na bafu kwa bidii namna ile, na hakutaka kunikatiza.

Jumamosi, 28 Machi

Kazi mchana kutwa. Makala ileile, safari hii kwa kuifuata. Matambara yametupwa. Siki ukutani, pande zote mbili. Tumengoja, tumesugua, tumekausha, tumeelekeza feni ya mezani. Makabati yote sasa yanakaa mbali na ukuta, upana wa kiganja, ili hewa ipite.

Mswada tuliuanika sebuleni kwenye kamba, karatasi moja moja, kwa vibanio vya nguo. Mke wangu alisoma ukurasa uliokuwa karibu na pua yake, unaohusu mtu anayeamua hitimisho kwanza na kutafuta hoja baadaye. Akauliza kama mwandishi na huyo mtu wanafahamiana.

Jioni nimezikusanya. Zimekunjamana, lakini zinasomeka. Nimezipanga mapajani, ukurasa kwa ukurasa. Umepotea ukurasa mmoja tu, wa shukrani. Mke wangu ametaka kujua yeye alikuwa ametajwa ukurasa gani. Nimemwambia ni huohuo.

Jumapili, 29 Machi

Alhamdulillahi. Ukuta mkavu, mweupe. Chumba ni changu, na kalamu iko mahali pake. Dirisha la bafu li wazi na taulo limetundikwa; nakiri kwamba kuoga humo sasa ni raha.

Nimeyachambua yaliyotokea bila upendeleo. Nadharia ilikuwa sahihi: ukungu uliota kama ulivyotakiwa. Kilichokosewa ni ukuta.

Wakati wa chakula mke wangu amedokeza kwamba mama yake mdogo angependa kuja kupumzika nasi, na kwamba chumba cha kusomea kingemfaa. Nimeuliza kwa upole hali ya kifua chake. Amesema ni mzima kama chuma. Hana tatizo lolote duniani, isipokuwa anaogopa mende.

Nimeizunguka nyumba kwa makini. Jiko halipakani na chumba changu mahali popote.