Gitaa Lililoliwa na Mchwa

Jumatatu, 3 Machi

Mama amerudishwa nyumbani. Daktari kasema hospitalini hakuna kilichobaki cha kumfanyia, heri akae na watu wake. Dada kalia njia nzima kwenye teksi. Mimi nilishika mfuko wa dawa nikaangalia nje. Kila familia inahitaji mtu mmoja mwenye akili timamu.

Tumemlaza chumba cha nyuma, kile kinachopakana na sebule. Jioni akasema tangu baba atutoke kumekuwa kimya, hata saa ya ukutani anaisikia. Dada akavuta kiti, akakaa kando yake. Hiyo ndiyo dawa ya Dada kwa kila kitu. Kiti!

Mimi nilielewa mara moja. Mama anataka gitaa la baba. Miaka yote ya ndoa yao, kwenye nyumba ya kupanga, baba alipiga gitaa sebuleni kila jioni, na mama alimsikiliza kutoka chumbani akikunja nguo. Tatizo ni kwamba gitaa halipo. Baada ya msiba tuliliweka stoo, mchwa wakalila lote. Hata karatasi ya ndani yenye jina la kampuni wameila. Hakuna anayejua lilikuwa la kampuni gani, wala la mti gani. Ila mchwa, na hawasemi.

Basi nitajua mimi. Nina sikio. Nitaleta magitaa, moja baada ya jingine, mpaka mama aseme ndilo. Mpango ulikamilika kabla chai haijapoa.

Jumanne, 4 Machi

Duka la magitaa liko nyuma ya kituo cha mabasi. Mwenye duka ni mzee mwembamba mwenye miwani mizito, nami nimempa jina la Miwani. Nikamwambia mimi ni mnunuzi wa bendi ya hoteli kubwa, natafuta magitaa kumi na mawili, ila bosi wangu hanunui kitu asichokisikia. Kwa hiyo niwe nachukua moja, nalirudisha, nachukua jingine. Uso ukamng'aa. Akasema sawa, mradi niache kitambulisho. Nikaacha. Akili ni mali!

Kanipa somo zima. Uso wa gitaa, ubao ule wa mbele, ukiwa wa msonobari hutoa sauti kali na safi. Mwerezi ni mpole. Mahogani ni nzito, kavu, haina maneno mengi. Plaiwudi tusiizungumzie. Nimeanza na gitaa la kampuni ya Kasuku, uso wa msonobari.

Utaratibu wangu ni wa kisayansi. Hakimu haruhusiwi kuona gitaa wala mpigaji, asije akapendelea. Mimi sebuleni, yeye chumbani, ukuta katikati, kama enzi za baba. Nimempa mama kikombe cha bati na kijiko. Akigonga mara moja, silo. Mara mbili, ndilo. Mama alicheka kidogo, kisha akaniomba nikae kwanza nimpe habari za kazini. Nikamwambia avumilie, nyuzi nimeshazikaza na zikikaa zinalegea.

Nikapiga wimbo ule wa baba wa jioni, mwanzo mpaka mwisho. Mama akagonga mara nne. Nne! Sina nne kwenye utaratibu. Dada akatoka kuniambia mama alikuwa anataka maji.

Jumatano, 5 Machi

Leo zamu ya Almasi, uso wa mwerezi. Miwani akasema mwerezi si wa kuchezea, akabaki na saa yangu ya mkononi.

Kurudi nikamkuta Shemeji, mume wa Dada, amekaa kwenye kiti changu cha kupigia. Ni fundi seremala, bingwa wa vitanda na milango, na anadhani hiyo inampa haki ya kusema juu ya kila ubao duniani. Akaligonga gitaa kwa kidole akasema sanduku ni sanduku. Akaongeza kwamba debe tupu haliachi kuvuma, akaniangalia mimi badala ya gitaa. Wivu tu.

Nikapiga. Mama alianza kugonga kabla sijafika katikati ya wimbo, na hakuacha. Ga-ga-ga-ga mpaka mwisho. Nikaandika: mwerezi humsisimua mgonjwa kupita kiasi. Dada akatoka akasema mama alikuwa ananiita, akauliza kwa nini siingii. Nikamweleza kwa upole kwamba mshindani na hakimu hawakai chumba kimoja. Dada akafunga mlango. Ikabidi niufungue tena, maana sauti ilikuwa haipiti vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Jana sikuandika. Nilipiga msonobari wa kampuni nyingine, mgongo wa mpingo. Sauti kama sahani mpya. Mama hakugonga kabisa. Dada akasema alikuwa anatapika.

Leo niliingia kuchukua kikombe, kilikuwa kimeanguka chini. Mama alikuwa amelala. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, mfupa na ngozi. Mkono ule ndio ulionibeba, ndio ulionitandika nilipovunja dirisha la jirani. Nilitaka kuushika. Nilisimama pale, nikaogopa. Nasema kweli, niliogopa kama mtoto. Nikaona afadhali nikapunguze urefu wa kucha zangu, maana zilikuwa zinachafua sauti ya nyuzi nyembamba. Nikatoka.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa! Miwani kaja nyumbani!

Anwani aliipata kwenye kitambulisho changu. Alitaka kumwona bosi wa hoteli ana kwa ana. Alinikuta sebuleni na gitaa lake, pembeni beseni la nguo chafu za mgonjwa. Nikamwambia bosi yuko chumba kile ila hajisikii vizuri. Nilidhani ataaga. Badala yake akavua kofia, akaingia!

Alikaa humo muda mrefu. Kwenye kiti cha Dada! Niliweka sikio ukutani. Mama alikuwa anaongea kuliko alivyoongea wiki nzima, na mara moja nilimsikia akicheka mpaka akakohoa. Huyo ni hakimu wangu anaharibiwa, na mwenye mali yenyewe!

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Hakusema lolote juu ya hoteli. Alisema mama kamweleza kwamba baba alikuwa mpigaji mbovu, anarudia wimbo mmoja na bado anaukosea, na yeye mama miaka yote alikuwa anangoja tu amalize aingie ndani wazungumze. Kasema niyafikirie maneno hayo.

Nimeyafikiria. Ni dawa zile, zinamchanganya. Baba alikuwa bingwa. Nilichofaidika ni kimoja: kumbe wimbo unatakiwa ukosewe. Mimi nilikuwa naupiga bila kosa! Kesho nafanya mazoezi ya kukosea.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelipata! Mahogani!

Nilijua tangu nilipolishika. Ni gitaa la zamani, jina lake limefutika, mahogani juu, chini na ubavuni. Miwani alisita kunipa. Akasema mbao nimeshazisikia za kutosha, kinachotakiwa sasa si gitaa, niende nyumbani nikamshike mama yangu mkono. Nikamwambia hilo nitalifanya bila shaka, baada ya hili moja. Nikavua viatu nikaviweka mezani kama amana, ingawa hakuviomba. Nimerudi pekupeku. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nikakaa sebuleni jioni, saa ile ile ya baba. Dada alikuwa jikoni anachemsha uji. Nikapiga taratibu, nikakosea pale baba alipokuwa anakosea. Sauti ilikuwa nzito, kavu, haina maneno mengi. Nywele zilinisimama. Nilikuwa na baba mle ndani, naapa.

Wakati wa ubeti wa kwanza mama aligonga mara moja, polepole. Nikaogopa ni ile ya silo, nikaendelea. Baada ya hapo kimya. Hakuomba maji, hakuita, hakugonga. Nikarudia wimbo wote mara tatu, na kimya kile kilizidi kuwa kizuri. Amelala, nikajisemea, amelala kama zamani. Naandika haya gitaa likiwa mapajani. Dada anapita na bakuli la uji. Nimemwashiria atembee kwa vidole, asimwamshe.

Jumanne, 11 Machi

Mama amefariki.

Dada anasema alikuwa bado wa moto. Anasema kijiko kilikuwa mkononi.

Sijui niandike nini. Nimelia mpaka jirani akaja kunimwagia maji usoni. Mama yangu, mama yangu. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, hatua chache, na nilikuwa nafurahi.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji anatengeneza jeneza mwenyewe. Alikuja kuuliza tunataka mbao gani. Dada akasema yoyote. Mimi nikasema mahogani, sauti ikanikatika katikati. Nilingoja anitanie. Hakunitania. Akasema anazo mbao nne nzuri, alikuwa anaziweka kwa kazi maalumu.

Nilimfuata karakanani kumsaidia kupiga msasa. Alipomaliza upande mmoja nikaugonga kwa kidole, mara moja tu, siwezi kujizuia. Ukatoa sauti ile ile ya juzi. Nikaanguka kwenye maranda, nikalia humo, nayo yakaniganda usoni. Shemeji akaweka randa chini, akaja akakaa chini na mimi. Hakusema kitu. Alikaa tu. Sikuwa najua kwamba mtu huyu anaweza kunyamaza.

Ijumaa, 14 Machi

Tumemzika. Watu walikuwa wengi. Nilivaa viatu vya Shemeji, vidogo kwangu, nilichechemea kaburini mpaka watu wakadhani ni majonzi yamenishika miguu. Yalikuwa yote mawili.

Miwani alikuja. Alinikabidhi mfuko wa plastiki: kitambulisho, saa, viatu vimepakwa rangi. Akasema lile la mahogani nikae nalo mpaka nitakapotulia. Nadhani bado anaitarajia oda ya hoteli. Sikuwa na moyo wa kumwambia ukweli siku kama ile.

Jioni, watu walipotawanyika, Dada alinieleza jambo. Alasiri ile ya mwisho mama alimuuliza kama nimeshamaliza. Dada akamjibu bado kidogo. Mama akasema basi, atangoja.

Nililia tena. Dada naye akalia, akanishika kichwa kama tulipokuwa wadogo. Akaniambia sasa tumebaki wawili tu.

Jumapili, 16 Machi

Sijalala usiku kucha. Maneno yale ya mama yananizunguka kichwani. Atangoja. Alikuwa anangoja nini? Nimejiuliza mpaka alfajiri, nikayakumbuka yote, kikombe, kijiko, kiti, mlango. Na leo asubuhi, nikiwa nimeegemea pale pale nilipokuwa nakaa kupiga, nimeelewa kosa langu. Nimelielewa kabisa, waziwazi, na machozi yamenitoka kwa sababu lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote.

Ukuta!

Kosa halikuwa kwenye mbao. Msonobari haukuwa na kosa, mwerezi maskini nimeusingizia bure. Ni ukuta! Nyumba ile ya kupanga walimoishi baba na mama ilikuwa imegawanywa kwa mbao nyembamba, mtu akipiga chafya huku anajibiwa afya kule. Huu wetu ni wa matofali, tena umepigwa plasta pande zote mbili. Gitaa gani lingepenya hapa? Mama alikuwa anangoja sauti ifike!

Nimemwomba Shemeji futi yake ya kupimia. Kauliza ya nini, nikamwambia atajua baadaye. Tukibomoa kuanzia mlangoni mpaka dirishani, tukaweka plaiwudi, tutakuwa na chumba cha kusikilizia ambacho hakipo mji mzima, na nitarudia majaribio yote kuanzia Kasuku.

Dada amekaa mle chumbani tangu asubuhi, anakunja nguo za mama. Anasema hawezi kuzimaliza peke yake. Ameniita mara mbili. Nimemjibu nakuja, amalizie tu hizo chache, mimi namalizia kupima.