Naomba Nipasuliwe, Nimechoka Kusimama

Kwa Daktari Gaudensia,
Zahanati ya kijiji.

Daktari, shikamoo, na pole kwa kazi. Nakuandikia nikiwa nimesimama.

Mimi ni Gidion Hhando wa Endagikot, dereva wa trekta, yule mwenye kitundu pale juu, makalio yanapoanza kugawanyika. Ulisema ni nywele zimechimba ngozi kwa sababu ya kukaa sana kwenye kiti kinachorusha, hasa njia ya Yaeda Chini. Ukasema kwa kuwa hakuna jipu, kisu kisubiri. Ninyolewe hapo kila wiki, nikalie beseni la maji ya uvuguvugu, nijikaushe vizuri, na nisikae muda mrefu. Nimetii yote, na sasa nalalamika.

1. Mahali penyewe sipaoni, hivyo ananinyoa mke wangu Letisia. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kupata nafasi ya kunieleza makosa yangu nikiwa nimetulia. Sasa anaipata kila Jumamosi, tena ana wembe mkononi.

2. Jirani yangu Xavery alipopasuliwa ngiri, kijiji kizima kilikwenda kumwona. Aliletewa maziwa, mayai na jogoo. Nani atamletea jogoo mtu anayekalia beseni?

3. Hili ndilo linaloniuma hasa. Katika mkutano wa kijiji, anayesimama anaomba kusema. Mimi nilisimama kwa agizo lako, mwenyekiti akanipa nafasi. Niliona aibu kutaja makalio mbele ya wazee, nikasema lililonijia, habari za bomba la maji. Wakapiga makofi. Mkutano uliofuata nikasimama tena, nikapewa nafasi tena. Wa tatu wakanipa kamati ya maji, eti mimi sikai wakati wananchi wana kiu. Sasa wamenichukulia fomu ya uenyekiti wa kijiji!

Kwa hiyo naomba uniandikie barua ya hospitali nipasuliwe, hata kidogo tu, nirudi kukaa kama watu wengine na nimpate jogoo wangu.

Wasalimie wauguzi wote, na mlinzi wa getini.

Mgonjwa wako mtiifu, aliyesimama,
Gidion Hhando

Nyongeza: Letisia amechungulia asubuhi hii. Kitundu kimefunga, pamekauka kabisa. Mistari hii naiandika nimekaa, na ni raha kweli. Barua ya hospitali iache. Ila uchaguzi ni mwezi ujao, na mpinzani wangu ni Xavery. Ukiulizwa, Daktari, nakuomba sana, sema bado sijaruhusiwa kukaa.