Maziwa ya Bi Najat

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Nimemaliza kuandika riwaya ya kihistoria. Nyembamba, lakini herufi kubwa. Mapenzi ya watu watatu, wote maarufu: Bi Najat, mwimbaji wa taarabu aliyeitingisha Tanga miaka ya themanini, Sele, golikipa aliyemlilia, na Miraji, mpiga fidla aliyemshinda golikipa. Miraji ni marehemu baba yangu. Kwa kweli baba aliuza kashata mlangoni mwa ukumbi. Lakini fidla aliisikia kila wiki, na kati yake na umaarufu palikuwa na ukuta tu.

Shabaha yangu ni Mboni, binti wa Bi Najat. Mjane, mpole, anacheka vizuri. Nataka kumwoa, na mama yake ndiye wa kukubali au kukataa. Ayubu wa duka la saruji naye anamtaka. Ayubu ana lori. Mimi nina historia.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeisoma upya. Mimi mwenyewe simo! Nimeongeza sura. Mama yangu anaugua baada ya kunizaa, maziwa yanakauka, na Bi Najat, ambaye ana mchanga wake, anamchukua kichanga Badru, yaani mimi, na kumnyonyesha mwezi mzima, usiku na mchana, kwa ajili ya penzi la Miraji. Nimelia nikiandika. Hasanali mwenye duka la kuchapa kasema hiyo ndiyo sura tamu kuliko zote.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimepeleka kitabu Nguvumali, kwa Bi Najat. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Mboni akamsomea. Kwenye fidla bibi akatabasamu. Kwenye kunyonyesha akanitazama muda mrefu, kisha akaniambia nivue viatu niingie ndani nile wali. Ayubu alikuwapo na samaki wake wa zawadi. Akaachwa barazani. Jioni nimetuma mjomba apeleke posa.

Jumapili, 12 Oktoba
Balaa. Bi Najat kamwita Shekhe wa mtaa. Shekhe kasoma sura yangu, kavua miwani, kauliza kama ni kweli. Bi Najat kajibu kweli tupu, tena eti mimi nikinyonya nilikuwa na tabia ya kuuma. Bibi huyu hajawahi kunishika hata mkono! Shekhe kasema basi mimi na Mboni tumenyonya ziwa moja. Ni dada yangu. Ndoa haramu, leo na siku zote.

Mboni kacheka vizuri kama kawaida. Kaniita kaka, na kwa kuwa sasa mimi ni maharimu wake, kavua mtandio mbele yangu kujipepea. Nywele nzuri mno. Nimeziona kwa hasara.

Ningesema nimetunga. Lakini nikikana maziwa, watauliza na fidla, na baba atarudi kwenye kashata. Nimeyakubali maziwa. Moyo unaniuma kweli.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimekwenda Pongwe kwa mama. Yeye ndiye shahidi pekee. Nikamwomba aje amwambie Shekhe kwamba nilinyonya kwake tu. Kumbe kitabu ameshasomewa. Kaniuliza ni nani aliyemchungulia kifuani akaona pamekauka. Kanilea kwa maziwa yake mpaka nikawa natembea na kutukana, leo sifa nampa mwimbaji. Kasema kama nina mama mwingine, huyo ndiye anipikie chakula cha mchana. Nimerudi na njaa.

Jumapili, 19 Oktoba
Posa ya Ayubu imekubaliwa. Harusi mwezi ujao. Bi Najat kaniita mwanangu mbele za watu na kunikabidhi kazi ya kaka wa bibi harusi: maturubai, viti na masufuria. Ayubu kanipa mkono, kaniita shemeji.

Nimekubali yote kwa adabu, maana usiku huu nimepata akili. Hata Ayubu aliwahi kuwa mchanga. Toleo la pili: mama yake anashuka kutoka milimani Amani na kichanga mgongoni, anaugua, maziwa yanakauka. Bi Najat anamwonea huruma. Kwisha habari ya lori.

Hasanali kasema mashine iko wazi kesho. Mama yake Ayubu hawezi kukasirika. Mwanamke gani asiyependa kutajwa kitabuni?